Uzazi Haukunipanda Kichwani

Mwezi ule kila nilipofungua mdomo niliambiwa nikanyonyeshe. Nikimuuliza mume wangu jambo, ananijibu kwamba mtoto analia. Nikimuuliza mama yangu, aliyekuja kutoka Mbeya kunihudumia, ananisukumia bakuli la uji wa ulezi na kuniambia niunywe ungali wa moto. Nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, na watu wote walionizunguka walikuwa wamekubaliana, bila hata kukaa kikao, kwamba mwanamke mwenye mtoto mchanga hana akili timamu. Kwa hiyo rafiki yangu alipouawa, mtu wa mwisho kusikilizwa nilikuwa mimi.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Chanji, katika nyumba ya kupanga. Mume wangu alikuwa karani serikalini, amehamishiwa Sumbawanga mara tu baada ya kunioa, na mimi sikumjua mtu yeyote mji ule isipokuwa wake za makarani wengine, ambao wengi walikuwa wa kwetu Mbeya na kazi yao kubwa ilikuwa kuhesabu siku za kurudi Mbeya. Walilalamikia baridi, walilalamikia upepo, na mtu akiugua mafua walitazamana na kusema, "Si unajua hapa ni wapi." Waliona kwamba jina la mji, lililovuma kwa uchawi, linatosha kuwa maelezo ya kila kitu. Hali hiyo ilinichosha mapema.

Rafiki yangu hakuwa mmoja wao. Alikuwa Mfipa, mzaliwa wa Mwazye, ameolewa katika kijiji kimoja mbele kidogo ya Kasense. Miaka ile vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeshapangwa. Watu walikuwa wametolewa kwenye maboma yao ya zamani, wamewekwa kwenye mistari ya nyumba kando ya barabara, na kila kaya ilikuwa na zamu katika shamba la kijiji. Tulikutana kliniki ya wajawazito. Alikaa karibu nami kwenye benchi, akaliangalia tumbo langu, akaliangalia lake, akasema, "Lako limekaa kama limebandikwa." Nikacheka mpaka muuguzi akatukemea.

Tangu siku ile alikuwa akija kwangu kila alipoleta maharage mjini. Simsifii kwa sababu amekufa. Alikuwa mtu wa kuudhi. Akisema atakuja asubuhi, anatokea jua limeshapinduka. Aliazima ungo wangu wa harusi, hakuurudisha. Alinifundisha maneno ya Kifipa ya uongo, nikayasema dukani, watu wakaangua kicheko. Lakini katika mji ule mzima ndiye pekee aliyekuwa akikaa jikoni kwangu bila kuuliza ninarudi kwetu lini.

Tulijifungua tukiwa tumepishana siku chache tu. Wake alikuwa wa kike. Hata kabla ya kujifungua alikuwa ameniambia kwamba mumewe anampiga. Alinionyesha mkono uliovimba juu ya kiwiko, kisha akaushusha mkono wa gauni kama mtu anayefunga mlango. "Tukimaliza kuvuna narudi Mwazye kwa mama," alisema. "Na huyu aliye tumboni naondoka naye." Nilimuuliza kama mumewe anajua. Akasema, "Anajua. Ndiyo maana anapiga."

Mumewe mimi nilimwita shemeji. Alikuwa mpole machoni, mwimbaji wa kwaya kanisani, mtu wa kuvua kofia anapokusalimia. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Habari ya kifo aliileta mwanamke wa kijijini kwao aliyekuja mjini kutafuta sanda. Rafiki yangu alikuwa ameteleza kwenye mawe kijitoni alipokwenda kuteka maji mchana, akagonga kichwa, akafa majini. Walikuwa wamemkuta jioni.

"Mzazi haendi msibani," mama yangu alisema nilipoanza kumfunga mtoto mgongoni.

"Nakwenda."

"Maziwa yatakauka."

"Yakikauka nitajua yamekauka."

Alilifunika bakuli la uji kwa kishindo kilichosikika nyumba nzima. Mume wangu alitafuta gari la ng'ombe lililokuwa linarudi Kasense, nikapanda juu ya magunia, na njia nzima upepo ulinipiga usoni katika ile nyanda isiyo na mti.

Tulipofika walikuwa wameshamzika. Nilimkuta mtoto wake mikononi mwa bibi yake mzaa baba, analia ile sauti iliyochoka ambayo haina tena matumaini ya kujibiwa. Wanawake wenye watoto wachanga walikuwepo, lakini kila mmoja alikuwa anaangalia pembeni. Waliogopa kumnyonyesha mtoto wa marehemu kabla watu hawajajua marehemu amekufa na nini. Hapo ndipo nilipokasirika kwa mara ya kwanza, na hasira ile ilinikaa muda mrefu. Nilimchukua mtoto, nikakaa kwenye mkeka, nikamnyonyesha mbele yao wote. Alininyonya kama anayegombana nami.

Bibi yake alikaa karibu akitazama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho mekundu ya moshi na kilio. "Mungu akubariki," alisema. "Tangu jana asubuhi ni uji tu. Anautema."

Nilimfuta mtoto shingoni. Kweli, katika mikunjo kulikuwa na uji wa ulezi uliokauka. Wakati ule sikuwaza lolote. Nilikuwa nimechoka, na watoto wawili walikuwa wananisubiri kwa zamu. Ni baadaye, shemeji alipokuwa akisimulia kwa waombolezaji waliofika kutoka mbali, ndipo masikio yangu yaliposimama. Alisema, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba mkewe aliamka salama, akafanya kazi zake, na mchana kengele ya shamba la kijiji ilipogongwa alimwacha anamnyonyesha mtoto; akashiba mtoto, akalala, ndipo mama yake akachukua ndoo akaenda kijitoni. Yeye alikuwa shambani na wenzake tangu kengele ile mpaka jioni. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa palepale, akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa shambani, wote walimwona.

Nilimtazama bibi. Alikuwa anachora mchangani kwa kidole.

Tangu jana asubuhi ni uji tu. Rafiki yangu aligombana na mama mkwe wake kwa sababu ya uji huohuo. Alikataa kabisa mtoto mchanga vile apewe kitu kingine zaidi ya titi. Kama alikuwa hai asubuhi na mchana, nani alikuwa anampa mtoto uji?

Kabla sijaondoka, nilikwenda kumsalimia bibi jirani, mjane aliyekaa nyumba ya pili, ambaye rafiki yangu alimpenda. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, akanivuta ndani kwa mkono. Yeye ndiye aliyeongoza wanawake kumwosha marehemu. Nilimuuliza alikuwaje.

"Kichwa kimepasuka huku nyuma," alisema akigusa kisogo chake. "Na matiti, mwanangu. Matiti yalikuwa yamejaa, magumu kama mawe. Nilipomgeuza yalitoka maziwa. Nimeosha watu wengi sana, lakini hilo lilinitoa machozi."

Mwanamke anayenyonyesha hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kila alfajiri niliamka na kifua kimejaa vilevile, mpaka mwanangu aamke anipunguzie. Maiti haitengenezi maziwa. Kama mtoto alinyonya mchana akashiba, na mama yake akafa muda mfupi baadaye, matiti yangekuwa laini. Rafiki yangu alikufa kabla hajamnyonyesha mtoto asubuhi ile. Mchana ule shemeji alipokuwa analima mbele ya watu, mkewe alikuwa amelala majini tangu alfajiri.

Nilirudi Chanji na watoto wawili. Bibi alikubali nimchukue mjukuu wake kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka, na shemeji alisema ahsante huku akivua kofia.

Nilimweleza mume wangu kila kitu wakati anakula. Aliendelea kula. Alipomaliza alinawa mikono polepole na kusema, "Mama mtoto, umepatwa na msiba mkubwa."

"Sikuulizi kuhusu msiba. Nakuuliza kuhusu maziwa."

"Mimi ni mtumishi wa serikali. Mke wangu akienda kuwatuhumu watu wa kijijini, watasema nimemtuma. Mwenyekiti wao ameshatoa taarifa. Wewe nyonyesha hao watoto."

Wake za makarani walikuja kunipa pole. Walikaa sebuleni, wakanywa chai yangu isiyo na sukari maana sukari haikuwepo, wakasema si unajua hapa ni wapi. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama siogopi kumnyonyesha mtoto wa mtu aliyekufa kwa mambo ya kienyeji. Nilimwambia kwamba rafiki yangu alikufa kwa kupigwa kichwani, na kichwa kupigwa si mambo ya kienyeji, kinapigwa hata Mbeya. Alimtazama mama yangu kwa huruma. Mama yangu akasema, "Uzazi umempanda kichwani kidogo. Utashuka."

Kesho yake nilikwenda kituo cha polisi. Nilimfunga mwanangu mgongoni na binti wa rafiki yangu kifuani. Koplo aliyekuwa mapokezi alinisikiliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi, na nilipofika kwenye habari ya matiti aliiweka kalamu chini.

"Mama, unataka niandike maziwa?"

"Andika maziwa."

"Kwenye taarifa ya polisi."

"Ndiyo. Andika kwamba marehemu hakunyonyesha mchana kama mumewe anavyosema, kwa hiyo mumewe ni mwongo."

"Huenda mtoto hakuwa na njaa."

"Una watoto?"

"Ninao."

"Uliwahi kumwona mtoto mchanga asiye na njaa tangu usiku mpaka mchana?"

Alijikuna shingo. Alisema watoto wanatofautiana. Alisema marehemu ameshazikwa. Alisema kijiji kina uongozi wake na uongozi umesema ni ajali. Halafu akaniuliza nimejifungua lini, na nilipomjibu, uso wake ukapata nafuu, kama mtu aliyeona kitu alichokuwa anakitafuta. "Nenda kapumzike, mama," alisema. "Dada yangu naye ilimtokea hivyohivyo. Alikuwa anaona moto kwenye dari."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kutosha kupikia. Kilichonikera zaidi ni kwamba kulikuwa na siku nilizokaribia kuwaamini. Nilikuwa silali. Akilala mmoja anaamka mwingine. Nilitia chumvi kwenye uji mara mbili. Nilianika nepi, nikazianua zikiwa mbichi, nikazifua tena. Asubuhi moja nilisikia kikohozi cha rafiki yangu nje ya jikoni, kile alichokuwa anakohoa badala ya kubisha hodi, nikatoka mbio nikamkuta mbuzi wa jirani. Nilisimama pale nikajiuliza: kama naweza kusikia kikohozi cha marehemu kwa mbuzi, je, nilisikia vizuri yale maneno ya bibi? Tangu jana asubuhi. Au alisema tangu jana jioni? Niliyarudia kichwani mpaka yakaanza kupoteza maana.

Kisha shemeji akaja.

Ilikuwa mchana, mama yangu amekwenda sokoni, mume wangu yuko kazini. Alibisha hodi, akavua kofia, akaweka mfuko wa maharage mezani. Nilimkaribisha kwa sababu sikujua namna ya kutomkaribisha. Binti yake alikuwa amelala. Mwanangu alikuwa macho kwenye kochi, nami nikageuka kuchukua kikombe cha maji; niliporudi nilimkuta shemeji amemwinua mwanangu, amempakata.

"Dada," alisema, "nasikia unauliza-uliza."

"Nani kakwambia?"

"Koplo alikuja kumuuliza mwenyekiti. Mwenyekiti akaniuliza mimi. Mimi sina neno. Mtu akifiwa watu huuliza." Alikuwa anamnyanyua mwanangu na kumshusha taratibu, kama mtu anayepima uzito wa kuku. "Mtoto mchanga ni kitu chepesi sana. Ukiwa na vitu vingi kichwani unaweza kumsahau mahali."

Nilinyosha mikono. Hakunipa mara moja. Alimtazama, akatabasamu, akasema anafanana na baba yake, ndipo akanikabidhi. Akanywa maji, akashukuru, akavaa kofia mlangoni. Binti yake hakuomba hata kumwona.

Mume wangu aliporudi nilimwambia maneno yale neno kwa neno. Aliuangalia ule mfuko mezani, nikafikiri sasa ameelewa.

"Alikuja na maharage," alisema.

"Alikuja na maharage."

"Mtu anayetaka kukudhuru haji na maharage. Mwanaume wa watu amefiwa, kaja kusalimia, kakushauri uwe mwangalifu na mtoto. Hilo ni kosa?"

Nilimtazama mume wangu, mtu mwema, aliyekuwa akiniletea maji ya moto ya kuoga kila asubuhi bila kuombwa, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi mtu mwema anavyoweza kukuacha peke yako mbele ya hatari huku amekaa karibu nawe. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango. Hata hapo akaja kuuliza kama nimekula.

Baada ya siku chache yule mwanamke wa sanda alipita kwangu tena. Alisema kijijini kuna mkutano kesho yake. Shemeji alikuwa amekwenda kwa mwenyekiti kueleza kwamba amefikiri sana na sasa anajua kilichomuua mkewe. Bibi jirani alikuwa na jicho baya. Alimtamani mtoto, alikuwa anaingia-ingia pale nyumbani, na ndiye aliyejipeleka mbele kumwosha marehemu ili aone kazi yake. Watu walikuwa wanataka afukuzwe kijijini, na vijana walikuwa wameshaanza kurusha mawe juu ya paa lake.

Kwa hiyo alijua nimesikia wapi habari ya maziwa.

Asubuhi iliyofuata nilianza kufunga watoto. Mama yangu alisimama mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumjibu, makali, lakini alikuwa ameshavaa viatu vyake vya kanisani.

"Nipe mmoja," alisema. "Ukianguka njiani nani atawabeba wote wawili?"

"Si umesema uzazi umenipanda kichwani?"

"Umekupanda. Lakini nimefikiria hayo maziwa. Nimezaa watoto saba. Nimefikiria, sioni pa kutokea." Alimfunga binti wa rafiki yangu mgongoni na kukaza kitenge. "Na sikukwambia kwa sababu ungekwenda huko mapema zaidi."

Niliona nimpigie kelele, lakini gari la ng'ombe lilikuwa karibu kuondoka. Kabla ya kulipanda tulipita kituoni, mama yangu akamwambia koplo kwamba bibi kizee anakwenda kuuawa mchana kweupe na kwamba yeye, mama wa watu, amekuja kumpa taarifa mapema ili baadaye asiseme hakujua. Koplo alinitazama mimi, akamtazama mama yangu, mvi zake na viatu vyake. Akachukua kofia na baiskeli. Maneno yaleyale yangetoka kinywani mwangu, angeniuliza nimejifungua lini.

Mkutano ulikuwa nje ya ghala la kijiji. Wanaume walikaa kwenye magogo, wanawake chini. Bibi jirani alikuwa amekaa peke yake katikati, miguu ameinyosha mbele, mikono mapajani. Mwenyekiti alifungua kikao kwa maneno ya umoja na kazi. Kisha shemeji akasimama, akavua kofia, akasimulia habari ya jicho baya kwa sauti ileile ambayo angesomea somo kanisani. Watu waliguna. Nilinyosha mkono.

"Ndugu mwenyekiti, naomba kusema."

"Wewe si mwanakijiji, mama."

"Mtoto wa marehemu yuko kwangu."

"Kwa hilo tunakushukuru. Lakini kikao hiki ni cha wanakijiji."

Nilibaki nimesimama na mkono juu kama mtoto wa shule. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitalia, na nikilia watasema mnaona. Ndipo mama yake shemeji, yule bibi mrefu mkavu, aliposimama upande wa wanawake. Alianza kusema Kifipa, polepole, akimtazama bibi jirani na si mwanawe. Sikuelewa ila maneno machache, lakini niliona watu wanaacha kusogeza miguu. Mwenyekiti alikuwa ameinamia magoti yake.

Koplo akasema, "Mama, mimi natoka Tabora. Sema kwa Kiswahili."

Akasema tena kwa Kiswahili, akitafuta maneno. Asubuhi ile alikwenda kwa mwanawe kuomba moto. Jua lilikuwa halijapanda. Alimkuta amekaa jikoni, suruali imelowa mpaka kiunoni, anaikausha kwenye moto, na mtoto analia chumbani. Akamuuliza mkeo yuko wapi. Akasema amekwenda kijitoni. Akamuuliza mbona umelowa. Akasema, mama, watu wakiuliza, sema alinyonyesha mchana. Yeye akapika uji akampa mtoto. Alifikiri mkwewe amepigwa, amekimbilia kwao. Jioni walipomleta, akajua.

"Nilinyamaza kwa sababu ni mwanangu," alisema. "Mtu mmoja ameshakufa, nikasema nikinena watakuwa wawili. Lakini huyu hapa alinikatia kitovu cha mwanangu huyuhuyu. Tulikuja kijiji hiki pamoja, tumebeba vichwani vyungu vyetu. Nikimwacha afukuzwe, hao watakuwa watatu, na mimi wa nne."

Shemeji alisema, "Mama," mara moja tu. Kisha akavaa kofia. Kukiri alikiri palepale, mbele ya koplo, karibu kwa unafuu. Mkewe alimwambia alfajiri ile kwamba kuvuna kumekwisha na anaondoka. Alimfuata kijitoni kumbembeleza, alisema. Alikuwa na fimbo ya kuswagia ng'ombe.

Aliposhitakiwa, ilionekana kwamba hakukusudia kuua, kwamba alishikwa na hasira. Alifungwa miaka michache kiasi kwamba mimi nilipoisikia nilimwomba mume wangu arudie, nikidhani hakusikia vizuri. Maziwa hayakutajwa mahakamani, mimi sikuitwa. Nilikuja kusikia kwamba koplo alipandishwa cheo, na kwamba huwasimulia wenzake jinsi alivyomtilia shaka mtu yule tangu siku ya kwanza. Mume wangu naye kwa miaka mingi aliwaambia wageni, "Mke wangu alikuwa na wasiwasi, nami nikamwambia afuatilie." Nilikuwa naendelea kumimina chai.

Mama yake rafiki yangu alikuja kutoka Mwazye kumchukua mjukuu, baada ya mtoto kupata nguvu kidogo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alimkagua mtoto mwili mzima, vidole, masikio, nyuma ya magoti, kama mtu anayenunua. Alipomaliza alinishika kichwa kwa mikono yake miwili, akanishikilia hivyo muda, akaondoka na lori la mahindi. Mwanangu alimtafuta mwenzake kitandani kwa siku kadhaa. Wakasema watoto wachanga hawakumbuki. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Wa Mwazye walikuwa wametoa neno kwamba mtu wa ukoo wa shemeji asikanyage kwao. Kwa hiyo yule bibi mrefu akaanza kuja kwangu. Alikuwa anatembea kutoka kijijini, anakaa kwenye kizingiti cha jikoni, hakubali kiti. Mara ya kwanza nilimwacha hapo bila kumkaribisha. Nilimhesabia zile siku zote alizonyamaza wakati mimi naitwa kichaa, wakati mwanawe amempakata mwanangu. Alijua ninamhesabia. Hakujitetea. Alikaa, akachambua mboga zangu bila kuombwa, akaondoka. Akaja tena mwezi uliofuata.

Mwishowe ilinishinda, maana mboga zangu alizichambua vibaya, anatupa na majani mazima. Mtu kutoka Mwazye alikuwa amepita mjini akaniletea habari.

"Mjukuu wako ameanza kutambaa," nilimwambia. "Ana meno mawili. Wanasema ana kelele."

Aliinamisha kichwa, akaendelea na mboga.

"Na hayo majani usiyatupe," nikasema. "Lete hapa nikuonyeshe."